Fundi Aliyempima Mke Wangu kwa Ufito

Sikusimuliwa haya na mtu, wala sikuyaota. Yalinikuta mimi mwenyewe, jikoni kwangu, Minto, huku Sydney, nikiwa na akili zangu timamu na sare ya kazi mwilini. Pombe sinywi. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana tukifika mbele hutapata nafasi. Na jirani yangu Baba Espe, Mkongomani wa Bukavu, mtu wa kanisani asiyejua kutunga uongo, naye alimwona huyo fundi. Kwa hiyo tuko wawili.

Mimi ni mtu wa Muheza, mkoa wa Tanga. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzurura, na sina hakika kama nimeacha. Nimeishi Mombasa, nikaishi Muscat nikipakia mizigo bandarini, nikaja Perth, kisha Sydney. Kila nilipokaa nilikulilia nilikotoka. Nikiwa Mombasa naikumbuka Muheza, nikiwa Muscat naikumbuka Mombasa, na sasa naendesha foklifti kwenye ghala la hapa Minto, kuna asubuhi za baridi nalitamani joto la Muscat nililolitukana miaka yote. Mke wangu Wambui, Mkenya wa Nakuru, hana ugonjwa huo. Yeye akifika mahali, amefika. Kazi yake ni kuhudumia wazee, upande wa Liverpool.

Tuliponunua nyumba yetu, ya zamani, ya matofali, jiko lilikuwa limechoka. Makabati yake yalikuwa ya mbao ngumu za zamani, lakini maji ya sinki yalikuwa yameyala kwa chini. Mimi nikasema tununue yale ya dukani, ya kuunga kwa bisibisi, yanatosha. Wambui akanitazama kama anavyomtazama mzee aliyekataa dawa.

"Mimi nataka kabati za kupigiliwa kwa ukuta," akasema. "Wewe unakaa hii nyumba kama mtu anangoja basi."

"Basi likija nitakuachia kiti cha dirishani."

"Wacha mashairi, Mtanzania. Nataka jikoni."

Na alijua anachotaka. Kuna bibi mmoja aliyekuwa akienda kumhudumia nyumbani, ambaye makabati yake yalitengenezwa na Waamishi. Hawa ni Wakristo wa desturi za kale, wazee wao walitoka Ulaya wakahamia Marekani. Hawaweki umeme majumbani, hawaendeshi magari, wanavaa nguo nyeusi na kofia pana, na wanaume wanafuga ndevu lakini masharubu wananyoa. Kumbe kuna familia chache zilihamia huku, ziko shambani kusini, mwendo mrefu kwa gari. Tukaenda, wakati huo korona haijatufungia njia.

Karakana yao ilinishika moyo, sikufichi. Hakuna mashine inayonguruma. Randa inapita kwenye ubao, maranda yanajikunja na kuanguka, harufu ya mbao mbichi imejaa kila mahali. Mwenye karakana, Mzee Eli, alituonyesha droo zisizo na msumari hata mmoja. Nikatoa karatasi yenye vipimo vya jiko letu nilivyopima kwa futi. Hakuipokea.

"Sitengenezi kabati la ukuta," akasema. "Natengeneza kabati la mwanamke atakayepika."

Akatueleza utaratibu wao. Kila jiko linapimwa kwa ufito wake, ubao mwembamba mrefu. Unausimamisha ukutani, unatia alama kwa kisu: hapa dirisha, hapa bomba, hapa dari. Kisha mpishi anasimama karibu, unatia alama ya kiwiko chake, na alama ya mkono wake ukinyooshwa juu. Basi. Hakuna namba. Ufito unarudi karakana, na makabati yote yanazaliwa kutoka kwenye ule ufito mmoja. Akaahidi atakuja mwenyewe, ataomba mtu amlete kwa gari.

Majira ya baridi yakaingia, na korona ikarudi kwa nguvu. Sisi wa magharibi ya jiji tukafungiwa kuliko wenzetu. Usiku hutoki, helikopta inazunguka juu ya mapaa, polisi na wanajeshi wanagonga milango. Mafundi wakakatazwa kuingia kwenye nyumba za watu. Na sisi, kwa haraka zetu, tulikuwa tumeshang'oa makabati ya zamani na kuyarundika uani. Tukawa tunapika kwenye jiko dogo la gesi juu ya meza, sufuria ziko sebuleni, nyingine kwenye beseni la kuogea. Ndiyo maisha.

Jioni moja nimetoka zamu, giza linaanza kushuka, manyunyu yanapiga. Naingia mlango wa nyuma, nasikia Wambui anaongea na mtu. Nani anaongea na mtu ndani ya nyumba wakati ule? Wambui huyu huyu, aliyewahi kumfukuza mchungaji getini kwa sababu barakoa yake ilikuwa imeshuka chini ya pua?

Nikakuta mzee jikoni. Kofia pana, koti jeusi, ndevu bila masharubu. Wambui kasimama ukutani, kitambaa kichwani, hana viatu, hana barakoa, anatabasamu. Mzee ameuegemeza ufito kando yake na kisu kiko mkononi.

"Baba ametoka kwa kina Eli," Wambui akaniambia. "Amekuja kupima. Aki, hata viatu amenivua, ati apate kipimo safi."

Nikamsalimu mzee, akaitikia kwa kichwa. Akatia alama ya kiwiko. Sawa. Akatia alama ya mkono. Sawa. Kisha akapandisha kisu taratibu mpaka juu ya kichwa cha mke wangu, akakata alama ya utosi. Halafu akaulaza ufito mlalo, akapima bega mpaka bega.

Niambie wewe. Kabati gani linahitaji upana wa mabega?

Babu yangu mzaa mama, kule Muheza, alikuwa mchimba makaburi. Nimekua namwona. Maiti hupimwa kwa ufito, utosini mpaka unyayoni, kisha mabegani, ili kaburi lisibane. Ufito ule ukishamaliza kazi unavunjwa na kutupwa kaburini humo humo. Haurudi nyumbani kwa mtu, haupiti mlango wa walio hai. Babu hakutufundisha kwa maneno mengi. Tulimwona tu anauvunja, kila mara, kabla hajajipangusa mikono.

Ndipo nikaanza kuangalia vizuri. Jiko lile halikuwa na hita. Mimi nikipumua moshi unatoka mdomoni, Wambui vilevile. Mzee hakutoa moshi wowote. Kofia yake ilikuwa kavu, na nje mvua inanyesha. Nikafungua mdomo niseme neno, lakini yeye alikuwa ameshageuka mlangoni, ufito begani.

"Naruhusiwa kuondoka nao?" akauliza kwa Kiingereza.

"Chukua tu, baba," Wambui akajibu, kwa adabu ya kwao. "Na mwambie Eli asikawie."

Akatoka. Nikamfuata hadi barabarani. Hakuna gari lililomleta wala lililomchukua. Ng'ambo ya uzio Baba Espe alikuwa akitoa pipa la taka, na yeye ndiye aliyeniuliza: "Ndugu, ule muzee wa kofia anaenda wapi na miguu? Polisi si watamukamata?" Tukamtazama pamoja mpaka kona. Hakukata kona. Barabara ikawa tupu tu.

Kesho yake Wambui akaamka na homa. Tulipopimwa, yeye korona, mimi korona. Mimi nilikohoa kidogo nikapona. Yeye akaanza kuzama. Mtu mwenye nguvu vile, anayemnyanyua mzee kutoka kitandani kama ananyanyua mto, akawa hawezi kumaliza sentensi. Gari la wagonjwa likaja na watu waliovaa kama wanakwenda mwezini, wakamchukua hospitali. Mimi nikaambiwa nibaki karantini. Huna ruhusa ya kumsindikiza mkeo hata hadi kwenye gari. Unasimama mlangoni na mkoba wake mkononi.

Nikampigia mkulima jirani wa Mzee Eli, maana wenyewe simu hawaweki nyumbani. Nilitaka tu kumwambia makabati yasubiri, mke ni mgonjwa, na ahsante kwa kumtuma yule mzee. Baada ya muda Eli mwenyewe akanipigia.

"Hatujamtuma mtu," akasema.

"Kofia, koti, ufito. Amekuja."

"Aliweka alama wapi?"

Nikamwambia.

"Na mabegani?"

"Na mabegani."

Nikasikia anavuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Huyo hakupima jiko. Hivyo sisi tunapima sanduku la kuzikia."

Nikamuuliza ni nani. Akakataa kumtaja jina. Akasema babu zake walihama nchi wakidhani wamemwacha nyuma. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. "Kuna mbao zozote mmezing'oa kwenye nyumba hiyo?"

Nikatazama uani kupitia dirisha. Yale makabati yalikuwa pale, rundo zima, yamelowa.

"Hana mbao zake," Eli akasema. "Hutumia za nyumba aliyoipima. Atazirudia. Ufito ukishalala juu ya mbao, mkeo hawezi kurudi. Usizichome, atachukua mlango, atachukua sakafu. Na usipigane naye, hapigiki. Ila jua jambo moja: ni fundi. Fundi hawezi kukata kwa kipimo kibovu. Hata yeye."

Hayo tu. Akaniombea, kwa Kijerumani chao cha zamani, nikaitikia amina bila kuelewa neno.

Basi nikaburuta kiti uani nikakaa kando ya rundo, nimejifunga blanketi, nawaza. Kipimo kibovu! Kosa liko wapi? Alivuliwa viatu. Alisimama wima. Kisu kilipita sawasawa. Baba Espe akachungulia juu ya uzio.

"Ndugu, juu ya nini uko nakaa inje na hii baridi?"

"Nalinda mbao."

"Unachunga takataka?" Akatikisa kichwa. "Korona imekupanda ku kichwa. Nitakuletea chai."

Akaniwekea chai juu ya uzio, akarudi nyuma, nikaichukua. Sitamsahau mtu yule.

Jioni muuguzi mmoja akanipigia simu ya video ili nimwone Wambui. Uso umefunikwa na kifaa cha oksijeni, macho yamefumba. Madaktari walikuwa wanafikiria kumlaza usingizi na kumwekea mashine ya kumpumulia. Muuguzi akasema Wambui alikuwa akiniulizia. Mimi namtazama mke wangu, machozi yananitoka, na kuna kitu kinanisumbua katika picha ile. Ameonekana mdogo. Mfupi. Kwa nini mfupi?

Nikaona. Walikuwa wamemfungua nywele ili mikanda ya oksijeni ikae. Rasta zake zilikuwa zimetawanyika kwenye mto.

Wewe unayesoma kama ni mwanamke umeshaelewa. Siku ile ya kupimwa, Wambui alikuwa amesukwa rasta ndefu nene, nusu yake nywele za dukani, na alizifunga fundo kubwa utosini kama anavyofanya akirudi kazini, akazungushia kitambaa. Yule fundi alipima fundo! Na atajuaje? Wanawake wa kwao nywele wanazilaza chini ya kofia nyeupe, kichwa ni kichwa. Alimvua viatu, akasahau kumfungua nywele. Mtu wa kwetu yeyote, hata mtoto, asingekosea hivyo.

Nikarudi kwenye kiti changu, nikiwa mtu mwingine. Woga uliniisha. Niamini, uliniisha kabisa, kama mtu aliyepata karata aliyokuwa anaingoja.

Alikuja alfajiri. Ukungu wa Minto majira yale unalala chini, huoni miguu yako. Sikumsikia akifungua geti. Nilimkuta tu ameinama kwenye rundo, anapapasa milango ya kabati mmoja mmoja, anaugonga, anausikiliza, anauweka pembeni. Anachagua. Ufito ameuegemeza ukutani.

"Fundi," nikamwita. "Kazi yako imeharibika."

Akanyanyuka polepole. Nilitegemea macho ya kutisha. Hapana. Yalikuwa macho ya mzee aliyedharauliwa.

"Sijawahi kuharibu kazi," akasema.

"Umeharibu hii. Alama ya utosi ni ya uongo. Umepima nywele."

"Nywele ni za mtu."

"Zile si zake. Zimenunuliwa dukani, zimesokotwa kiwandani, hata mwenye kiwanda hamjui mke wangu. Umepima fundo la nywele za kununua ukaita kichwa. Kata kwa kipimo hicho uone. Sanduku litakuwa la mtu asiyekuwepo duniani."

Hapo alichukua ufito, akaitazama ile alama. Akaishika kwa kidole gumba. Nikaona aibu inampanda, aibu kabisa, kama fundi cherehani aliyekata suti ya bwana harusi vibaya. Kwa muda kidogo nilimhurumia, unaweza kuamini?

"Mlete nimpime upya," akasema.

"Hayupo hapa. Na hatasimama tena mbele yako."

"Basi simama wewe."

"Mimi sikuagiza kazi," nikamwambia. "Kazi iliagizwa kwa Eli, na Eli yupo. Ufito wa uongo unafanywaje kwenu?"

Aliuweka ufito juu ya goti lake, akauvunja. Ulilia kama mfupa. Akaweka vipande viwili chini, kando ya makabati, taratibu, akaivuta kofia yake mbele, akatoka getini ndani ya ukungu. Koti lake lilipogusa mwanzi ulioota kando ya geti halikuutikisa.

Nilikaa pale mpaka jua lilipochomoza. Ndipo jambo jingine likanijia, na hili ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo. Mimi kwa hasira zangu nilisema naye Kiswahili. Cha Muheza. Na yeye akanijibu, neno kwa neno, na wakati ule sikushangaa. Lugha ile ameijulia wapi?

Baba Espe akatokea kwenye uzio na kikombe. "Alikuwa nakusemesha nini, ule muzee? Nilimuona kwa dirisha, nikaogopa kutoka."

"Alikuja kuchukua mbao."

"Mbona hakubeba?"

"Hazikumtosha," nikasema.

Asubuhi hiyo hiyo simu ikalia. Muuguzi, sauti yake ina furaha: oksijeni imepanda, ile mashine wameiahirisha. Baadaye akampa Wambui simu. Alipumua, akapumua tena, kisha nikasikia sauti nyembamba:

"Hii chakula yao haina chumvi. Niletee ugali."

Nililia kama mtoto. Nilikuwa karantini, ugali ningeupeleka na nini? Lakini niliusonga, nikaula peke yangu, nikimtumia picha.

Alirudi nyumbani. Njia zilipofunguliwa Mzee Eli akaja, ameletwa na gari la jirani yake, akaingia jikoni kofia mkononi. Kabla ya kumpima Wambui akaniuliza mimi kama naridhika. Akatia alama ya kiwiko, akatia alama ya mkono, akaweka kisu chini. Vile vipande viwili vilivyovunjika nilimpa yeye. Hakuviangalia. Alivifunga kwenye kitambaa akaondoka navyo. Makabati yalipokuja yalikuwa mazuri ajabu, droo zinateleza kwa kidole kimoja, na leo hii Wambui anapika humo, ila akipanda ngazi anasimama katikati kuvuta pumzi. Mapafu yake hayakurudi yote. Mimi nguo nanunua kwa kukisia. Fundi cherehani akitoa futi shingoni, najikuta niko barabarani.

Unadhani yameishia hapo? Jua la kiangazi lilipowaka nilikwenda Parramatta, kwenye kituo cha feri. Watu wamepanga foleni, wameachana nafasi kama tulivyozoeshwa. Nyuma ya mama mmoja wa makamo alisimama mzee wa kofia pana. Mkononi ana ufito mpya, mweupe, na macho yake yametulia juu ya kichwa cha yule mama. Safari hii alikuwa amejifunza. Alikuwa akimsubiri aivue kofia yake ya jua.

Nikaita kwa sauti kuu, "Fundi!" Foleni nzima ikageuka. Mama yule akanitazama kama mwendawazimu, akaishikilia kofia yake kichwani. Mzee akanitambua. Akaniinamia kidogo, kama fundi anavyomwinamia fundi mwenzake, akaenda zake kando ya mto. Hakuwa na haraka.

Kwa hiyo yupo, na bado yuko kazini. Wewe unayetengeneza nyumba yako, mkaribishe fundi, mpe chai, mwache apime ukuta, dirisha, hata kiwiko chako. Lakini tazama kisu chake kinapanda mpaka wapi. Kikitafuta utosi au mabega, mtoe nje, awe mzee, awe mgeni, awe amelowa mvua. Na ufito ubaki ndani.